Bunduki Tatu na Omena wa Buluu

Siku niliyoacha kazi, vijana wangu wa yadi, mlichanga mkaninunulia barakoa. Barakoa nzuri, yenye vichujio viwili mashavuni, ya aina ambayo mimi niliiomba miaka yote nikapuliza rangi nikiwa nimejifunga leso puani. Nashukuru sana. Huwa naivaa nikikaanga pilipili.

Pamoja na zawadi hiyo mlinipa swali, na tangu wakati huo simu yangu haipumziki: mtu akitaka kupaka gari lake rangi nyumbani kwake, anunue bunduki gani ya kupulizia? Wateja wanawauliza ninyi, ninyi mnaniuliza mimi. Nimekaa hapa kwangu upande wa Kehancha, kifua kinakoroma, nikaona niandike mara moja niwe nimemaliza. Jibu ni refu kidogo, na ndani yake kuna mke aliyerudi kwao. Msiniharakishe.

Niliingia yadi ile ya Migori nikiwa muuza chai. Mwenye yadi alikuwa Fundi Swaleh, Mswahili wa Mombasa aliyekuja kwa wiki mbili kupaka rangi basi la binamu yake, akakaa mpaka akazeekea hapo. Kiswahili hiki ninachoandika nilikipata kwake, maana nyumbani sisi ni Wakuria na sokoni tulisema kile kilichotosha kuuza. Asubuhi moja nilikuwa namimina chai huku natukanana na mtu wa mabati, na sikumwaga hata tone. Swaleh akaweka glasi yake chini.

“Binti, mkono wako hautetemeki. Nani kakufundisha?”

“Njaa,” nikamwambia.

Alicheka mpaka akakohoa. Kesho yake birika nilimwachia dada yangu, nikafunga aproni ya magunia.

Mkidhani nilianza na rangi, mmekosea. Mwezi mzima Swaleh alinijazia maji kwenye bunduki na kunipeleka kwenye ukuta wa mabati nyuma ya choo. “Paka,” alisema. Nikapaka maji. Jua likayakausha, nikapaka tena. Waliokuja chooni walinipa pole, wakidhani nimerogwa. Lakini hapo ndipo nilipojifunza yote mnayoyaona mkononi mwangu. Bunduki ikae shubiri moja kutoka kwenye bati. Usiizungushe kwa kiganja kama anayepunga nzi, mkono wote uende kuanzia begani. Kila mstari ulalie nusu ya ule uliotangulia. Fyatua kabla hujafika kwenye bati, achia ukishalipita. Na sikiliza, kwa sababu bunduki yenye afya inalia kwa sauti moja kama chapati kwenye mafuta, ikianza kukohoa ujue ina maji, ina uchafu au haina pumzi.

Rangi tulichuja kwa soksi ndefu za nailoni. Za kwanza zilikuwa zangu za harusi. Mume wangu aliziulizia sana, nami sikupata nguvu ya kumwambia kwamba zimechuja lori zima la miwa, tena la kijani.

Kazi ngumu zilikuja. Kuna mchimbaji wa Macalder aliyetaka pikapu yake iwe na rangi ya dhahabu tupu. Nikamuuliza, wewe umepata dhahabu au hujapata? Kama umepata, kwa nini unawaambia wezi? Kama hujapata, kwa nini unawadanganya? Akaondoka na pikapu ya kijivu na hasira, na mpaka leo anasalimia kwa mbali.

Swaleh alipoona macho yamemwisha akaamua kurudi kwao. Siku ya mwisho aliniita ndani akanipa bunduki yake ndogo, ile ambayo kikombe chake ni sawa na glasi ya chai. “Hii ni ya viraka,” alisema. “Ukiitoa watu watakudharau. Waache wakudharau.” Nililia mbele ya mafundi wote na sioni haya kulisema. Baba yangu mzazi hakuwahi kunipa kitu mkononi.

Sasa nifike kwa Mwalimu Ochola.

Ilikuwa mwaka wangu wa mwisho kazini. Alinipigia simu kutoka Homa Bay, sauti ya mtu aliyesimama mbele ya darasa maisha yake yote.

“Mama Robi, nasikia unaweza paka gari hata nyumbani kwa mtu.”

“Lete yadi, Mwalimu.”

“Hii gari haiwezi toka kwa boma. Karatasi zake zinasema nyeupe.”

“Na gari lenyewe linasema nini?”

“Bluu,” akasema. “Kiasi.”

Nilifika Jumanne. Boma lake liko karibu na ziwa kiasi kwamba kuku wake wanakula samaki. Gari lilikuwa uani, saluni ya zamani ya milango minne, buluu ubavu mmoja, nyeupe chafu ubavu wa pili, na paa lilikuwa na mabaka ya rangi zote mbili. Mbuzi mmoja alikuwa na mgongo wa buluu. Kando ya ukuta wa ghala kulikuwa na gunia la omena, dagaa wa ziwani, nao walikuwa na madoa ya buluu kuanzia kichwa hadi mkia. Paka alipita, akanusa, akaendelea na safari yake.

Mwalimu alinieleza kama anayesoma ripoti. Alistaafu, akachoka kukaa, akaamua kupaka gari mwenyewe. Alikwenda soko la mpakani akanunua bunduki ya kwanza aliyoonyeshwa, ile ya zamani yenye kikombe chini, inayonyonya rangi na kuitupa kwa nguvu. Akakodi kompresa ya fundi wa tairi na kufungua hewa mpaka mwisho. Bunduki ya namna hiyo, hata mikononi mwangu, nusu ya rangi inafika kwenye gari, nusu nyingine inakwenda kutafuta maisha. Siku hiyo upepo wa ziwa uliipeleka moja kwa moja kwenye nyavu ambazo juu yake mkewe alikuwa ametandaza omena wakauke.

Mkewe ni Konsolata. Kule wanamwita Nyar Asumbi, yaani binti wa Asumbi, kwa sababu Wajaluo humwita mke kwa jina la kwao alikotoka. Huyu mama amekausha omena na kuwauza soko la Uriri tangu watoto wake wakiwa mgongoni, na hao watoto wamesoma kwa omena hao, mshahara wa Mwalimu ukisaidia pale ulipoweza. Alirudi kutoka kanisani akakuta mzigo wa wiki nzima una rangi ya gari.

“Ukamwambia nini?” nikauliza.

“Nilimwambia, si utaosha.”

“Hivyo tu?”

“Hivyo tu.”

Nyar Asumbi alinawa mikono, akabeba mfuko mmoja, akaenda kwa kaka yake. Hakupiga kelele, na Mwalimu alisema hilo ndilo lililomtisha. Baada ya wiki tatu kaka mtu, Mzee Klement, alituma neno. Mwalimu aje Jumamosi, aje na wazee wake, na aje na gari lilelile, likiwa na rangi iliyokuwepo siku lilipomchukua dada yao. Tunataka kuliona, alisema. Kama haliko hivyo, usijisumbue kuja, wala usitume mtu tena.

Miaka thelathini na minane ya ndoa ilikuwa imebaki na siku nne, na ilikuwa inategemea rangi nyeupe. Mwalimu aliponieleza hayo alikuwa akikunja na kukunjua leso yake. Nilimwonea huruma, lakini si sana.

Jumanne, Jumatano na Alhamisi tulipiga msasa wa maji na kupaka rangi ya msingi kwa brashi, hakuna la kusimulia. Nyeupe juu ya buluu ni kazi ya adhabu, kwani buluu huchungulia kama shemeji mbeya. Rangi yenyewe ya mwisho niliipima kwa makini. Ilitosha gari zima, na glasi mbili za ziada kwa ajali.

Ajali niliileta mimi.

Ijumaa asubuhi Mwalimu alitoka ndani na sanduku. Alikuwa amejifunza kutokana na kosa lake, kama walimu wanavyosema, na kwa hiyo alikuwa amefanya lingine. Aliagiza kwa simu bunduki mpya ya kikombe juu, ya hewa nyingi na nguvu ndogo, ile isiyotupa rangi mbali. Mashine ya heshima. Inang'aa, ina geji yake, inakaa mkononi kama imekufahamu. Kwa kompresa kubwa ya yadi hakuna bunduki inayoishinda. Lakini kompresa aliyoiagiza pamoja nayo ilikuwa ya kujaza tairi za baiskeli, na fundi wa tairi alikataa kutukodisha yake tena. Bunduki ya kwanza ilikuwa na pumzi bila adabu, ya pili ilikuwa na adabu bila pumzi.

Niliijua hesabu hiyo tangu nilipoiona ile kompresa. Niseme ukweli, nilitamani. Kazi yote hiyo nimefanya kwa vyuma vilivyofungwa waya, na hiki hapa kitu kipya, na mimi karibu naondoka. Nikajaza kikombe. Mistari mitatu ya kwanza kwenye boneti ilikuwa laini kama maziwa. Wa nne bunduki ikakohoa. Wa tano ikatema mate. Boneti ikawa na vinundu kama ganda la chungwa, na kompresa ikanguruma pale chini kama mzee anayepanda mlima. Nililazimika kuifuta boneti na kuanza tena, na zile glasi mbili za ajali zikaisha.

“Hata wewe, Mama Robi?” Mwalimu aliuliza. Sauti yake ilikuwa na furaha ambayo sikuipenda.

Nikafungua mfuko nikatoa bunduki ya Swaleh. Mwalimu aliitazama, akatazama gari, akanitazama mimi.

“Na hiyo ya kuchora kucha?”

Nikakumbuka nimeambiwa niwaache wanidharau, nikamwacha. Bunduki ndogo inakunywa hewa kidogo. Unapaka mlango mmoja, unasubiri kompresa ivute pumzi, unapaka mlango wa pili. Rangi yenye chembe za fedha isingekubali, ingeonyesha kila mahali ulipopumzika, lakini nyeupe tupu haina makuu. Nilimwagia ua maji ili vumbi lilale, nikajaribu bunduki kwenye kipande cha katoni mpaka ikatoa umbo la yai refu, nikaanza na boneti.

Nilipoinua kichwa niliona moshi mweusi umesimama juu ya ziwa.

“Mwalimu, nani anachoma kitu huko?”

Aligeuka akatazama, uso ukabadilika. “Hiyo si moshi. Ni wadudu wa ziwa.”

Mimi ni mtu wa milimani. Sikuwahi kuwaona usubi wale wakitoka, mamilioni kwa mamilioni, wamepanda kama mnara na wanakuja na upepo. Hawaumi. Wanatua tu, na kila kilicho kibichi wanakifia juu yake. Yeye ameishi hapo miaka yote na hakufikiri kunitajia.

“Leta kitu cha kufunika! Vyandarua, shuka, chochote!”

“Kuna nyavu za omena kwa ghala. Lakini hizo ni za Nyar Asumbi. Mimi sijawahi zigusa.”

“Leo utazigusa.”

Zilikuwa nyavu zenye matundu madogo, kuukuu, zimejaa madoa ya buluu na viraka vya uzi mweusi. Upande mmoja tulizifunga kwenye kamba ya nguo. Upande wa pili tulisimamisha fito za banda la mbuzi, zikaanguka. Tukazisimamisha, zikaanguka. Hapo usubi wakafika. Mwalimu Ochola, mtu ambaye wanafunzi walikuwa wakimbebea hata chaki, alishika pembe mbili za wavu na kuinua mikono juu ya kichwa, akasimama hivyo.

Alisimama tangu saa mbili. Mimi nilikuwa ndani ya hema lile, rangi ikipumua kupitia matundu, kifua kikiniambia kwamba siku zangu za kazi zimekwisha. Yeye alikuwa nje na usubi kwenye masikio, kwenye kola, kwenye masharubu.

“Inua, Mwalimu, unalegea!”

“Nimeinua!”

“Inua tena!”

Kompresa ikavuta pumzi. Kisha nikamsikia anatema mdudu.

“Mama Robi. Nyar Asumbi anainua hii kitu kila siku?”

“Mimi sijui. Wewe ndiye mumewe.”

Saa saba kasoro nilimaliza mlango wa mwisho, wa nyuma kushoto. Nikasema, “Tayari,” na nadhani alisikia “shusha.” Au mikono ilikuwa imekufa tu. Wavu ulishuka polepole ukaegemea mlango, na nilipoufikia kuuvuta ulikuwa umeshaacha alama yake, upana wa viganja viwili, matundu yote yamehesabika.

Rangi ilikuwa imeisha. Ingekuwepo ile niliyoimwaga kwa tamaa, ningesubiri ikauke, nipige msasa, nirudie. Maisha yangu yote sijawahi kukabidhi gari lenye alama, na la mwisho ndilo hili. Nilikaa kwenye ndoo. Mwalimu alijaribu kujifuta uso, mikono ikakataa kupanda.

Kwa kuwa mtu mzima hakosi hila, alipata mpango. Tungeegesha gari ubavu wa kushoto ukiwa kwenye ua wa miti, na wazee waone upande wa kulia.

Jumamosi aliniomba niende naye na wazee wake Asumbi, nishuhudie kwamba gari limepakwa na fundi. Kwa sababu yangu kikao kiliendeshwa kwa Kiswahili, na Kiswahili kilipata tabu. Mzee Klement, mrefu, na rozari shingoni, alizunguka boneti, akapitisha kidole juu ya paa, akakinusa.

“Nani alipaka?”

“Mimi, mzee.”

“Na huyu alifanya nini?”

Nyar Asumbi alikuwa jikoni muda wote huo, na jiko la pale liko nyuma ya ua wa miti. Alitokea huko, beseni la maji mkononi, mama mfupi mwenye mabega mapana, akapenya palepale tulipoficha ubavu wetu. Akasimama mbele ya mlango wa nyuma kushoto.

Mwalimu alifumba macho. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Akaweka beseni chini. Akagusa alama ile kwa kidole, taratibu, tundu kwa tundu, mpaka akafika pahali palipokuwa na fundo nene.

“Hii ni wavu yangu,” alisema. “Hii kiraka nilishona mimi.”

Nikasema haraka kwamba kosa ni langu, kwamba usubi walikuja, kwamba hatukuwa na kitu kingine cha kuzuia. Hakunitazama. Alikuwa anamtazama mumewe, rangi nyeupe iliyomkauka kwenye nyusi, mikono iliyoning'inia kama si yake.

“Nani alishika hii wavu?”

“Mimi,” Mwalimu alisema.

“Wewe?”

“Kutoka saa mbili mpaka saa saba.”

“Juu?”

“Juu.”

“Na mikono iliuma?”

Alifikiri, kwa jinsi walimu wanavyofikiri kabla ya kukubali kosa. “Iliuma, Nyar Asumbi. Hata sasa inauma. Na ile kitu nilikuambia, ya kuosha.” Akakwama hapo. Leso ilikuwa mfukoni na mkono haukuweza kuitoa.

Yule mama alimwaga maji ya beseni kwenye ua, akalipangusa kwa kanga, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na mfuko wake. Wazee walilalamika kwa haki kabisa, kwa sababu kuku alikuwa bado hajaiva na hotuba zilikuwa zimebaki tatu. Mzee Klement alisema hajawahi kuona kesi inaisha kabla ya chakula. Nyar Asumbi alimjibu kwa Kijaluo, neno moja, naye akakaa.

Kwa hiyo, vijana, mteja akiwauliza, mwambieni atazame kwanza kompresa yake, ndipo atazame bunduki. Kompresa ndogo, bunduki ndogo, mlango mmoja mmoja. Kisha aangalie upepo unakwenda wapi na nani ameanika nini huko. Nimemaliza.

Ila ule mlango ulininyima usingizi. Mwezi uliopita nilikwenda kwao na kopo la rangi nyeupe, kipande cha msasa na bunduki ya Swaleh, niifute alama ile bure nife na jina zuri. Nyar Asumbi alinikaribisha, akaninywesha chai, na aliponiona nachukua msasa akaja kusimama mbele ya mlango, mikono kiunoni.

“Mama Robi, hiyo acha. Siku akisahau, mimi namleta hapa anasoma.”

Nikamuuliza Mwalimu yuko wapi, nimsalimie. Akanionyesha kwa kidevu. Alikuwa nyuma ya nyumba, ameinama juu ya wavu, anatandaza omena.